Kibao cha geti la watoto kimeandikwa "viraka" badala ya "watoto", niwaambie wahusika au ninyamaze?

Mama Nia

Habari zenu wadau, hasa mlioko huku Ayalandi. Naomba mawazo yenu kwa jambo ambalo wengine mtaliona dogo ila mimi limenikaa kichwani wiki ya pili sasa.

Nipo Dublin mwaka wa saba huu, nafanya kazi ya kulea wazee. Binti yangu Nia ana miaka 8 na anasoma Gaelscoil, yani zile shule ambazo kila kitu kinafundishwa kwa Kiayalandi kuanzia hesabu mpaka michezo, Kiingereza ndo kinakuwa somo. Hatukumpeleka huko eti kwa kuwa tunaijua hiyo lugha, mimi na baba yake hata salamu tulikuwa hatuijui, ila shule ilikuwa jirani na mwalimu mkuu alitupokea kwa moyo mweupe. Sa hivi mtoto anakiongea kuliko majirani zetu waliozaliwa hapahapa, nyumbani tunaongea Kiswahili, na Kiingereza kakiokota barabarani na wenzie.

Sasa mtaani kwetu wamefungua kiwanja kipya cha watoto kuchezea, bembea nzuri, ile mitelezo, chini wametandika mpira mtoto akianguka asiumie. Getini wamepiga kibao cha bati cha kijani, Kiayalandi juu, Kiingereza chini. Kile cha Kiingereza kinasema hapa ni mahali pa watoto kucheza, tafadhali funga geti. Cha juu kimeandikwa hivi, nimekipiga picha:

Limistéar dráma na bpaistí. Gar an geata le do thoil.

Nia akasoma kwa sauti kama anavyosoma kila kitu, akanyamaza, akarudia tena polepole na kidole. Alafu ananiuliza, mama mbona wameandika viraka? Nkamwambia viraka vipi tena. Akanieleza kuwa páiste, yenye kale kamstari kalikolala juu ya a, ndo mtoto, ila paiste bila kamstari ni kiraka, kile ninachomshonea kwenye goti la suruali. Na dráma ni mchezo wa kuigiza jukwaani, kucheza kwa watoto wanaita súgradh. Na gar ni karibu, yani jirani, siyo kufunga, kufunga ni dún. Kwa hiyo kibao chote ukikisoma kwa lugha yake kinasema eneo la maigizo ya viraka, karibu geti tafadhali.

Nikaelewa nini kimetokea, mtu kachukua neno moja moja la Kiingereza akalitafutia mwenzake akaokota maana ya kwanza iliyomjia. Ila si hapo paliponiuma. Paliponiuma ni Nia aliposema "au mimi ndo nimesahau?" Manake yeye ana miaka nane na kibao ni cha bati kina nembo ya serikali za mitaa, akaona yeye ndo kakosea. Usiku akaenda kufukua daftari lake la mwaka jana kuhakiki.

Na niwaambie ukweli, hili jambo nilishalionja. Miaka ya nyuma kliniki fulani walinipa kipeperushi cha Kiswahili, nikafurahi jamani, nikakaa vizuri nikisome. Kikaniuliza "Je, kipindi chako ni kizito?" Walitaka kuniuliza hedhi. Nilikaa nacho mkononi nikajua hakuna Mswahili hata mmoja aliyekisoma kabla hakijachapwa, waliweka Kiswahili ili ionekane kipo, siyo ili mtu asome.

Basi naomba kujua, mambo kama haya anaambiwa nani? Na mimi mgeni mwenye lafudhi yangu ya Tanga nikiandika kuwafundisha Waayalandi lugha yao si wataniona nimevuka mipaka? Na inakuwaje lugha ya taifa lao wenyewe inaandikwa hivi?

Dereva Magharibi

Dada Mama Nia, hongera kwa mtoto kwanza. Mgeni njoo mwenyeji apone, usiogope kabisa.

Mi niko Galway, naendesha basi, mwaka wa kumi na mbili sasa, na ruti yangu inaingia Gaeltacht, yani yale maeneo ambayo Kiayalandi bado ndo lugha ya watu ya kila siku. Nikipita An Spidéal vibao vya barabarani vinaacha Kiingereza kabisa, unaona jina la Kiayalandi peke yake, hata kile cha kumpisha mwenzio kimeandikwa Géill Slí. Mwanzoni nilikuwa naona ni kama mapambo, mpaka nilipoanza kuwasikia abiria.

Kuhusu sheria iko hivi. Katiba yao ya 1937 ibara ya 8 inasema Kiayalandi ndo lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza, Kiingereza kinatambuliwa kama ya pili. Ikaja sheria ya lugha rasmi ya 2003, alafu kanuni za 2008 zikasema taasisi ya umma ikiweka kibao, Kiayalandi kitangulie, herufi zake zisiwe ndogo wala zisififie kuliko za Kiingereza. Vibao vya barabara vina taratibu zake, ndo maana unaona Kiayalandi kiko juu kwa herufi zilizoinama na Kiingereza chini kwa herufi kubwa zilizosimama wima, na wapenzi wa lugha wamelalamikia sana huo mwinamo kwamba ukiwa kwenye mwendo hausomeki. Kwa hiyo kuandika wanaandika, wanalazimika. Kuandika vizuri ni kazi ya mtu mwenye moyo nayo na huyo mtu hayupo kila ofisi.

Nikupe mfano wa namna kibao kinavyoweza kugusa watu. Kuna mji uko Kerry, watalii wote wanaujua kama Dingle. Ikatoka amri ya majina ya sehemu, ikaanza kutumika 2005, kwamba ndani ya Gaeltacht jina la Kiingereza halina nguvu kisheria, vibao vikawa An Daingean tu. Wenyeji wakaja juu. Na siyo kwamba ni watu wasiopenda Kiayalandi, wanakiongea! Hoja yao moja ilikuwa wageni watapotea na wao wanakula kwa utalii, nyingine ikawa hilo An Daingean lenyewe siyo jina kamili la mji wao, kwao ni Daingean Uí Chúis, na kuna Daingean nyingine huko Offaly. Watu wakawa wanaenda na rangi wanaandika Dingle juu ya vibao. 2006 wakapiga kura, zaidi ya asilimia 90 wakataka jina la lugha zote mbili, na mvutano haukuisha mpaka sheria ilipobadilishwa 2011. Miaka yote hiyo kwa neno moja kwenye bati.

Nina abiria wangu mmoja, bibi wa miaka themanini na kitu, anapanda Ijumaa kwenda sokoni. Kuna kibao tunakipita kimeandika jina la kijiji alichozaliwa, wameruka herufi moja. Kila tukikikaribia anageuza uso anatazama upande wa bahari mpaka tukipite. Siku moja nikamuuliza kwa nini, akaniambia mama yangu alizikwa hapo, na hapo palipoandikwa sipajui.

Sasa utaratibu, waandikie wenyewe kwanza, kaunsili ya eneo lenu, weka picha na mahali kilipo. Wakikaa kimya kuna ofisi ya Kamishna wa Lugha, wanaiita An Coimisinéir Teanga, makao yake ni hapohapo An Spidéal, ipo tangu 2004, ni huru na kazi yake ni kupokea malalamiko. Hawakuulizi umezaliwa wapi.

Mzee wa Hesabu

Kwa heshima zote dada, nitasema tofauti na naomba msinirukie. Sensa ya 2022 ilisema nchi ina watu milioni 5 na zaidi, na wanaoongea Kiayalandi kila siku nje ya shule ni 71,968. Hao wote wanajua Kiingereza. Hakuna mtu hata mmoja ambaye mtoto wake ataachwa nje kwa kuwa hakuelewa geti lifungwe. Mimi na mke wangu tumekaa kwenye orodha ya kusubiri nyumba miaka mingi, watoto watatu chumba kimoja, nikiona pesa inaenda kutoa kibao na kurudisha kibao roho inaniuma kweli. Kama hawawezi kuandika waache, waweke picha ya mtoto na geti, hata mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege ataelewa. Sisemi lugha haina thamani. Nasema kuna foleni ya matatizo na hili liko mwisho wa foleni.

Mama Nia

Mzee wa Hesabu sikurukii, na pole sana kwa suala la nyumba, nawajua watu wengi wako hapohapo ulipo.

Ila hebu tuangalie hiyo pesa. Bati limeshanunuliwa, rangi imeshapakwa, fundi ameshalipwa. "Páistí" na "paistí" zinakula wino uleule. Gharama tunayoizungumza sasa imekuja kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyeuliza, angeulizwa mwalimu yeyote wa shule ya Nia angejibu akiwa anakunywa chai. Na sensa hiyohiyo ilisema watu 1,873,997 walijibu kwamba wanaweza kuongea Kiayalandi, hiyo ni kama asilimia 40. Najua wengi wao ni cha kuokoteza walichobaki nacho toka shuleni. Lakini mtu mwenye cha kuokoteza ndo huyo anayeshika anachokiona barabarani, mwenye lugha yake kamili haharibiwi na kibao.

Na ile ya kwamba wote wanajua Kiingereza, mimi pia pale kliniki nilikuwa najua Kiingereza. Ningeweza kukichukua cha Kiingereza. Lakini mtu akishakuandikia kwa lugha yako amekwambia karibu, sasa ukikuta ndani ya karibu hiyo hakuna mtu, unajisikiaje?

Ngeli ya Nane

Mama Nia nimesoma uzi wako wote mara mbili. Mimi kazi yangu ni tafsiri, Kiingereza na Kiswahili, niko Cork, na nimekaa darasa la jioni la Kiayalandi miaka minne, kwa hiyo ngoja nikujibu lile swali lako la inakuwaje.

Mtu wa Kiingereza amezoea neno likibadilika libadilike mkiani. Sisi tunabadilisha kichwani, mtoto watoto, kiti viti, na kivumishi nacho kinafuata, kizuri vizuri. Kiayalandi nacho kinagusa kichwa cha neno, na ndo maana nilipoanza kujifunza nilijisikia niko nyumbani kidogo kuliko wenzangu darasani. Bean ni mwanamke, ukisema huyo mwanamke inakuwa an bhean na sauti ya b imegeuka v. Galway ni Gaillimh, ukitaka kusema "kule Galway" ni i nGaillimh, na hiyo nG unaitamka sawasawa na ng' ya ng'ombe, mwalimu wetu alihangaika na darasa zima mi nikaitoa siku ya kwanza. Sasa mtu anayetafsiri kwa kamusi, neno moja moja, ni sawa na mtu anayeandika Kiswahili kwa kamusi bila ngeli, atakuandikia "mtoto mbili nzuri" na kila neno lipo kwenye kamusi! Caisleán ni ngome, ila mtaa wa ngome ni Sráid an Chaisleáin, mwanzo umeguswa na mwisho umeguswa. Asiyejua anaandika Sráid an Caisleán anaona amemaliza.

Alafu hako kamstari Nia alikokaona, kanaitwa fada, maana yake ndefu, kanarefusha irabu. Watu wa kuchapa wanakachukulia kama vumbi. Féar ni majani, fear ni mwanamume. Kibao cha kusema usikanyage majani ni Ná siúil ar an bhféar, ondoa fada umesema usimkanyage mwanamume. Áit ni mahali, ait ni kitu cha ajabu. Bríste suruali, briste imevunjika. Cead ruhusa, céad mia moja. Ukikazoea huwezi kusema ni mapambo tena.

Na kuna kosa lingine ambalo nimeliona kwa macho yangu likitokea, fundi wa kibao anapewa maandishi sahihi kabisa alafu anabonyeza herufi kubwa zote. Zile herufi zinazobandikwa mbele, kama hiyo n ya nGaillimh, kawaida zinabaki ndogo hata kama neno zima ni kubwa, i nGAILLIMH, ndo jicho linajua mzizi unaanzia wapi. Programu yake inakuza zote na fada zingine zinadondoka hapohapo. Mtafsiri hana kosa, aliyesoma mara ya mwisho hayupo. Mimi nikipewa kazi yoyote ya kuchapwa sasa naweka sharti kwamba nione karatasi ya mwisho baada ya fundi, siyo kabla, hata ikiwa ni kipeperushi cha Kiswahili cha ukurasa mmoja.

Majina ya sehemu ndo shimo lenyewe. Majina mengi ya Kiingereza huku siyo Kiingereza, ni Kiayalandi kilichoandikwa na sikio la Mwingereza, hasa wakati wale wapima ramani walipopita nchi nzima kuanzia 1824. Phoenix Park, ile bustani kubwa hapo kwenu Dublin, watu wengi wanafikiri jina ni la yule ndege wa hadithi, wakati wasomi wa majina wanasema ni fionn uisce, maji meupe. Au chukua Kil iliyoko kwenye majina mengi, inaweza kuwa cill, kanisa, kama Kildare ambayo ni Cill Dara, kanisa la mwaloni. Ila inaweza pia kuwa coill, msitu. Kanisa na msitu vimekaa kwenye sauti moja ya Kiingereza, wewe uliyeko ofisini na Kiingereza chako peke yake huwezi kujua ni kipi, lazima uulize, na wa kuulizwa wapo, kuna idara ya serikali ya majina ya sehemu na hazina yao logainm.ie iko wazi kwa kila mtu, bure. Kwa maneno ya kawaida kuna focloir.ie na teanglann.ie. Na Foras na Gaeilge wana watafsiri waliofanya mtihani wakapewa muhuri. Yani hakuna kisingizio.

Mashine nayo, watu wanaiamini kupita kiasi. 2014 tovuti ya serikali ya maandalizi ya kumbukumbu ya miaka mia ya mapinduzi ya 1916, yale ya kudai uhuru toka kwa Waingereza, ilitoka na Kiayalandi cha Google, wakalazimika kukitoa. Mapinduzi yale yalipigwa na watu ambao wengi wao walianzia kwenye madarasa ya hiyo lugha.

Kwa kibao chenu mimi ningeandika: Áit súgartha do pháistí. Dún an geata, le do thoil. Mpe mwalimu wa Nia aangalie kwanza, usiitume kwa neno langu tu.

Binti Forodhani

Niko Cardiff, Welisi, na huku lugha ya wenyeji, Kiwelisi, inapitia hayohayo. 2008 kule Swansea kaunsili ilitaka kibao cha kuzuia malori, wakatuma Kiingereza kwa imeili kwa mtafsiri, ikarudi meseji ya Kiwelisi, wakaipeleka kiwandani ikachapwa ikasimamishwa barabarani. Meseji ilikuwa ni yale majibu ya kompyuta yanayojituma yenyewe: sipo ofisini kwa sasa, nitumieni kazi yoyote ya kutafsiriwa. Ilisimama barabarani hivyo mpaka wanaojua Kiwelisi wakapita. 2006 hapa Cardiff kuna kibao kiliwaambia watembea kwa miguu kwa Kiingereza tazama kulia na kwa Kiwelisi tazama kushoto, hicho sasa ni cha kuua mtu. Mwaka huohuo njia ya baiskeli ya kwenda Penarth, badala ya kuwaambia washuke kwenye baiskeli, wakaandikiwa habari ya uvimbe wa kibofu cha mkojo.

Watu wa dunia nzima walicheka hiyo ya Swansea, mimi jirani yangu ni Mwelisi, mama mtu mzima, alinieleza kuwa yeye hakucheka. Aliniambia hebu fikiria, ina maana kwenye ile barua, kwenye ofisi, kiwandani, kwa fundi aliyechimba shimo, mikono yote hiyo hakuwepo mmoja wa kusoma maneno mawili. Nikafikiria Kiswahili chetu kinavyochapwa kwenye maboksi ya dawa na nikanyamaza.

Andika dada. Na umwache mtoto aandike mstari hata mmoja, kosa kaliona yeye.

Dereva Magharibi

Binti Forodhani umenena. Na ongezea hii Mama Nia, ukiwaandikia usiwashambulie. Huyo atakayefungua imeili yako pengine ndo mtu pekee ofisini anayekipenda Kiayalandi na alikuwa anatafuta sababu ya kusema na bosi wake.

Mzee wa Hesabu

Nimesoma yote. Bado naamini nyumba kwanza. Ila hiyo ya mtoto kwenda kufukua daftari kuhakiki kama yeye ndo kakosea, hiyo nimeiona, na mimi nina watoto. Tuma hiyo barua.

Mama Nia

Narudi na mrejesho baada ya wiki tatu, samahanini kwa kimya, kazini tulikuwa na upungufu wa watu nikawa naingia zamu za usiku.

Mwalimu aliyaangalia maneno ya Ngeli ya Nane akasema yako sawa. Nikaandika imeili fupi kwa Kiingereza, nikaambatanisha picha, na juu yake Nia akaandika mistari miwili ya Kiayalandi kwa mkono tukaipiga picha, aligoma nisiipige kwenye kompyuta eti nitaziangusha fada. Alikuwa ameniomba pia twende na kalamu nyeusi akaiongezee fada yeye mwenyewe pale getini, nikamkatalia, nikamwambia kibao ni mali ya watu wote na kurekebisha nako kuna heshima yake.

Siku ya nne wakajibu. Jibu lilianza "A Nia, a chara", yani limeandikwa kwake, siyo kwangu, aya ya kwanza yote kwa Kiayalandi. Alinisomea akiwa amesimama juu ya kiti. Mama aliyejibu alisema maandishi yalitolewa na mkandarasi pamoja na bembea, kama kifurushi kimoja, na hakuna aliyeyaleta mezani kwake. Akaomba radhi bila kuzungukazunguka. Dereva Magharibi ulikuwa sahihi, aliandika kwamba yeye huwa anaomba aonyeshwe na hili lilimpita.

Jumanne akaja fundi na bisibisi, kibao kikashuka, sa hivi getini pana matundu manne na alama ya mraba ambapo rangi haijapigwa na jua. Watoto wanafunga geti kama kawaida.

Ijumaa wakatutumia karatasi ya kibao kipya tuione kabla hakijachapwa. Maneno ni yaleyale tuliyopeleka, ila fundi ameyakuza yote: ÁIT SÚGARTHA DO PHÁISTÍ. DUN AN GEATA. Fada ya DÚN imedondoka na LE DO THOIL haipo kabisa. Ngeli ya Nane nilikukumbuka palepale. Nia kaichukua ile karatasi, kaziwekea duara kwa kalamu nyekundu fada zote zilizopo na ile moja isiyokuwepo akaichora kubwa yenye mshale, na pembeni akaandika hilo "tafadhali" lao waliloliacha. Nimeiskani kazini asubuhi hii nikaituma, sasa hivi ananiuliza kila baada ya dakika kumi kama wamejibu.